Karafuu ndani ya gitaa: faiba iliyokataa kukauka

Gitaa linalozungumzwa hapa ni la umeme, la bei nafuu, lenye umbo la pembe mbili linalojulikana kila mahali. Kiwiliwili ni cha baswudi, unene milimita 45. Shingo ni ya mepo, imefungwa kwa skrubu nne. Pikapu, yaani vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi, ni tatu za koili moja, na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili, ni la kudumu, limeshikwa na skrubu tano. Mwenyewe ni mpigaji wa Unguja: jioni nyingi yuko kwenye hoteli za kaskazini, siku nyingine huitwa kwenye taarab, na mara moja moja husafiri nalo nje ya nchi. Alitaka gitaa ambalo mtu akiliona tu ajue limetoka visiwani.

Agizo alilopeleka karakana ya kwanza lilikuwa refu. Uso wa mbao ya mnazi. Mfereji uliojaa karafuu ndani ya faiba angavu, yaani resini inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, ukipita kwa mkunjo kutoka ubavuni hadi nyuma ya daraja. Bamba la mbele, lile linalobeba pikapu, liwe la ukili. Nukta za gamba kwenye ubao wa freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, na kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, kiwe cha mfupa. Gitaa lilipofika karakana ya pili kurekebishwa lilikuwa zuri kwa mbali. Kwa karibu mfereji ulinata hata ukigusa kwa kidole, nyuzi zilikuwa juu kiasi cha kuumiza mkono, gitaa limekuwa zito begani, na daraja lilicheza kidogo kila uzi mzito ulipokazwa. Maneno ya mwenyewe yalikuwa machache: "Ami, inanata, na kila wiki inanata vile vile."

Kasoro hizi zilionekana kama za fundi mmoja mzembe. Sivyo. Kazi ya mikono ilikuwa safi, viungo vimebana, msasa umepigwa vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba vitu vya asili vilichaguliwa kwa sura na vikawekwa bila kuuliza vina nini ndani na vitabeba nini.

Kwanza mfereji, maana ndio uliomleta.

Faiba iliyotumika ni ile ya boti, poliesta, yenye harufu kali ya staireni na inayogandishwa kwa matone ya hadna, dawa yake ya kugandisha. Inapatikana kirahisi, ni rahisi kwa bei kuliko epoksi, resini ya aina nyingine, na mafundi wa boti wanaijua vizuri. Mfereji ulikuwa na urefu wa milimita 380, upana 20 na kina 8. Karafuu kavu zilipangwa ndani, faiba ikamiminwa juu. Kesho yake sehemu zilizo tupu zilikuwa ngumu, lakini kila karafuu ilikuwa imezungukwa na duara la kahawia lililonata. Karakana ya kwanza ikadhani hadna ilikuwa ndogo. Ikamimina tabaka jingine jembamba juu yake likiwa na hadna karibu mara mbili ya kipimo. Tabaka hilo lilipata moto, likapasuka nyufa nyembamba kando kando ya mfereji, na chini yake karafuu zikaendelea kunata.

Faiba inayonata ina sababu tatu za kawaida, na kila moja ina alama yake. Ya kwanza ni hewa: poliesta isiyo na nta hubaki na utando wa kunata juu kwa sababu oksijeni huzuia ngozi ya juu kuganda. Ukiifuta kwa kitambaa chenye asetoni unakuta chini ni ngumu kama kioo. Ya pili ni hadna, ama pungufu, ama ya zamani, ama haikuchanganywa vizuri. Hapo ulaini hutokea kwa mabaka yasiyo na mpangilio, au kazi nzima hubaki kama jeli. Ya tatu ni kitu kilichozikwa ndani kinachozuia mgando. Hapo ulaini hukifuata kitu hicho popote kilipo.

Kipimo chake ni sindano ya kushonea tu. Ilipochomwa sentimita moja kutoka kwenye karafuu, haikuingia. Ilipochomwa milimita mbili tatu kutoka kwenye karafuu, ilizama hadi chini. Hiyo ni alama ya sababu ya tatu, lakini kabla ya kubomoa kazi ya mtu ni vizuri kuthibitisha. Vifuniko vinne vya chupa viliwekwa faiba hiyo hiyo, mililita 10 kila kimoja, na hadna mililita 0.15, yaani asilimia moja na nusu, iliyopimwa kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kimoja kiliachwa kitupu, cha pili kikatiwa vipande vya mnazi, cha tatu karafuu nzima, cha nne karafuu zilizotwangwa. Viwili vya kwanza viliganda kama inavyotakiwa. Cha tatu kilifanya duara lile lile la kahawia. Cha nne hata siku ya pili kilikuwa uji.

Sababu ni eujenoli. Karafuu nzuri ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ndiyo inayoipa harufu na ule ukali unaofisha ganzi jino. Kwa kemia eujenoli ni fenoli. Poliesta huganda kwa mnyororo: hadna huzalisha chembe zenye uchu, zinaunganisha molekuli moja baada ya nyingine. Fenoli huzinyaka chembe hizo na kuzituliza, mnyororo unakatika. Viwanda vyenyewe hutia fenoli kidogo, kama haidrokwinoni, ndani ya kopo la faiba ili isigande ghalani. Kwa hiyo kila karafuu ndani ya mfereji ilikuwa inafanya kazi ile ile ya dawa ya kiwandani, ila kwa wingi zaidi. Madaktari wa meno wanalijua jambo hili kwa njia yao: saruji ya meno yenye eujenoli huwa wanaepuka kuijazia juu yake ile resini nyeupe, kwa kuwa inaweza isishike.

Hapa ndipo hadna ya ziada isingeweza kusaidia. Inaharakisha mgando pale ambapo hakuna mafuta, joto linapanda, faiba inasinyaa haraka na kupasuka, na pale penye mafuta bado eujenoli ni nyingi kuliko inavyoweza kushindwa. Na tukiwa hapo: hadna ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofua, kwa hiyo miwani si pambo. Isichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, maana inaweza kulipuka.

Kosa la kufikiri lililozaa yote haya linaeleweka, hasa kwa mtu aliyekulia kwenye karafuu. Zimeanikwa juani juu ya majamvi mpaka ukivunja kikonyo kinalia. Nani atasema si kavu? Lakini kilichoondoka ni maji. Mafuta yamebaki, na ndiyo yanayouzwa.

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu. Kutumia poliesta lakini kuzifunika karafuu kwanza kwa kitu cha kuzitenga. Kutumia makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaliyokwisha kukamuliwa mafuta; Pemba kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo na majani pale Wawi, na mabaki yake yana mafuta kidogo sana. Au kubadili faiba yenyewe na kutumia epoksi, ambayo haigandi kwa mnyororo wa aina ile bali kwa sehemu mbili kushikana moja kwa moja, na fenoli haiizuii. Makonyo yalikataliwa na mwenye gitaa, na kwa haki: makonyo hayana sura ya karafuu, na yeye alitaka kichwa na meno yake manne yaonekane. Kutenga karafuu moja moja kwa vanishi inawezekana, lakini ukikosea sehemu ndogo kwenye karafuu moja, duara linarudi. Ikachaguliwa epoksi, na karafuu zikapunguzwa mafuta kabla.

Kupunguza mafuta kunahitajika hata kwa epoksi. Epoksi itaganda, lakini kitu chenye mafuta usoni hakishikwi vizuri. Baada ya miezi kinajitenga na kuacha utando wa hewa unaong'aa kama fedha kuzunguka kila karafuu. Gramu 12 za karafuu, zilizochaguliwa zenye vichwa vizima, zililowekwa kwenye spiriti ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, spiriti ikabadilishwa kila siku. Ya kwanza hutoka rangi ya chai ya rangi. Ikitoka hafifu kama maji ya mkojo wa mtoto, zinatolewa, zinaanikwa kivulini penye upepo mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa. Karafuu hupoteza sehemu ya rangi na harufu. Mteja aelezwe mapema, kwa sababu wengine wanadhani gitaa litanukia daima. Ndani ya epoksi halitanukia kitu.

Kubomoa kulichukua uangalifu zaidi kuliko kujaza. Faiba ngumu ilitolewa kwa rauta, mashine ya kuchonga mifereji, yenye kisu cha milimita 6, kina milimita 2 kila pita. Ile laini ilitolewa kwa patasi butu, maana kwenye kisu kinachozunguka huyeyuka na kuziba meno. Mbao ya pembeni ilikuwa imekunywa mafuta ya karafuu, inaonekana kwa rangi ya kahawia, na ikakatwa milimita moja zaidi kila upande na chini. Ndiyo maana mfereji mpya ulikuwa milimita 22 kwa 9. Ukaoshwa kwa asetoni mara mbili, ukaachwa siku nzima.

Kisha ukuta wote wa mfereji ulipakwa epoksi nyembamba kwa brashi, ikaachwa ishike. Hatua hii huonekana ya ziada, lakini mbao ina hewa. Ukimimina faiba nene moja kwa moja, joto la mgando hutoa hewa hiyo na viputo hupanda mpaka katikati, wala moto unaopitishwa juu kuvipasua hautavifikia. Karafuu pia zilichovywa moja moja, zikalala kwenye karatasi ya nailoni. Kichwa cha karafuu kina pango dogo chini ya ile duara ya juu, nalo hushika hewa. Ukichovya kichwa kikiwa chini, kisha ukageuza, hewa hutoka.

Kujaza kulifanywa kwa matabaka mawili ya milimita nne na kidogo. Mfereji mzima ulikuwa na ujazo wa karibu mililita 75, karafuu zikachukua sehemu yake, kwa hiyo kila tabaka lilihitaji kiasi cha mililita 32. Epoksi iliyotumika huchanganywa mbili kwa moja kwa ujazo. Zipo za moja kwa moja na za uwiano mwingine, na kinachotawala ni maandishi ya chupa. Kwa joto la Unguja usichanganye nyingi kwa mara moja. Kila nyuzi kumi za joto zikiongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu, na epoksi iliyoachwa kwenye kikombe kirefu hujichemsha yenyewe. Imwage kwenye sahani pana.

Kazi iliangukia masika, na hapo ndipo lilipotokea kosa la pili, dogo, lakini lingeweza kuharibu kila kitu. Asubuhi baada ya tabaka la kwanza uso wa epoksi ulikuwa na utando mwembamba kama wa nta, unateleza kwa kidole. Hii si epoksi mbichi. Hadna ya epoksi, ikikutana na unyevu na hewa ya ukaa usiku kunapopoa, hufanya chumvi laini juu yake. Tabaka la pili likimwagwa juu ya utando huo linashika utando, halishiki epoksi, na baada ya miezi linabanduka kama ganda la yai. Fundi asiyejua hupiga msasa, na msasa unausambaza tu. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na kitambaa kikwaru, mara mbili, kufuta kukauka, kisha ndiyo msasa namba 120, kisha tabaka la pili. Huyeyuka kwenye maji kirahisi. Ukitumia thina peke yake unauhamisha.

Sasa nyuzi zilizo juu, na uzito.

Mbao ya mnazi ni nzuri na inadanganya. Mnazi si mti wenye pete na kiini kigumu kama mfenesi au msaji. Ugumu wake uko nje, chini ya ganda, na ndani ni laini kama sifongo. Mbao zake hupangwa kwa uzani: zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo ni ngumu, kati ya 400 na 600 ni ya wastani, chini ya 400 haifai kubeba kitu. Kwa kuwa sehemu ngumu ya nje ni nyembamba, hupati ubao mpana. Uso wa gitaa hili uliunganishwa kwa vipande saba vya milimita 50, unene milimita 6, mbao ya chini ya shina la mnazi mzee, ile yenye vidoa vyeusi vilivyosongamana. Uchaguzi mzuri sana.

Lakini uso uligundishwa juu ya kiwiliwili cha milimita 45 bila kukipunguza kwanza. Kiwiliwili kikawa milimita 51. Daraja likapanda milimita 6 pamoja na uso. Shingo haikupanda, kwa sababu inakaa kwenye mfuko wake, na mfuko huo ulichimbwa ndani ya baswudi. Kina cha mfuko wa aina hii ni karibu milimita 16. Sasa kilikuwa 22. Vikalio vya nyuzi kwenye daraja vilishushwa mpaka mwisho na bado nyuzi zilikuwa milimita 5 juu ya freti ya 12, mahali ambapo milimita 2 zinatosha. Karakana ya kwanza iliona hilo, ikaweka kipande cha mbao nyembamba kwenye ukingo mmoja wa mfuko ili kuinamisha shingo. Nyuzi zilishuka, kweli, lakini shingo ikawa inakaa juu ya ukingo mmoja na hewa katikati, na kwa mvuto wa nyuzi inajikunja pale pale. Seti ya nyuzi za namba 10 hadi 46 kwenye urefu wa milimita 648 huvuta kwa jumla zaidi ya kilo 46, mchana na usiku.

Uzito unahesabika. Eneo la kiwiliwili kama hiki ni karibu theluthi moja ya mita kwa theluthi moja, tuseme mita 0.1 ya mraba. Kwa unene wa milimita 6 na uzani wa kilo 800 kwa mita ya ujazo, uso wa mnazi una karibu nusu kilo. Kama baswudi ya milimita 6 ingeondolewa kwanza, ingetoka robo kilo, na ongezeko lingekuwa robo tu.

Wazo la kwanza la kila fundi hapa ni kupiga randa mgongo na kuondoa milimita 6. Usifanye kabla ya kupima shimo la waya. Kwenye gitaa hili shimo lilikuwa limechimbwa kutoka mbele likiacha milimita 7 tu mgongoni. Randa ya milimita 6 ingeacha milimita moja, na kidole kingepenya. Kwa hiyo uzito uliachwa, na mwenyewe akaambiwa anunue mkanda mpana wa ngozi. Mfuko wa shingo ulirekebishwa kwa kuweka ubao wa mfenesi wa milimita 6 uliojaza mfuko mzima, ukagundishwa, ukalainishwa mpaka kina kikarudi 16 kamili kwa kila pembe. Mfenesi hauhitajiki, mninga ungefaa, msaji ungefaa ukifutwa mafuta. Kinachotakiwa ni mbao ngumu, kavu, iliyoguswa kila mahali na kisigino cha shingo.

Daraja kucheza kulikuwa matokeo ya mfereji. Mkunjo ule ulipita nyuma ya daraja, na skrubu mbili kati ya tano zilikuwa zimeingia kwenye faiba badala ya mbao. Faiba laini haishiki skrubu, na hata ngumu huvunjika kwenye uzi wa skrubu. Mfereji mpya ulisogezwa kwa kukunjwa zaidi, ukabaki milimita 15 kutoka skrubu iliyo karibu. Mashimo ya zamani yalizibwa kwa vijiti vya mninga vya milimita 8 vilivyoingia kina cha milimita 25, kisha yakatobolewa upya. Pambo linaruhusiwa kukaa popote kwenye gitaa isipokuwa sehemu tatu: chini ya daraja, ndani ya mfuko wa shingo, na kwenye njia ya nyuzi kichwani. Kwa maoni yetu hata rangi nene haitakiwi mfukoni.

Kuhusu sauti, ambayo wengi huuliza kabla ya yote: karafuu, mnazi na ukili havina sumaku wala havipitishi umeme, na pikapu husikia uzi wa chuma. Mabishano ya mbao gani ina sauti tamu kwenye gitaa la umeme yapo na yataendelea. Tofauti iliyosikika hapa baada ya kazi ilitokana na shingo kukaa vizuri na daraja kutulia.

Mnazi una adabu zake kwenye chombo. Una silika, na kisu cha chuma cha kawaida hufa upesi. Tumia cha kabaidi. Nyuzi zake za giza hung'oka ukikata kinyume, hasa kwenye pembe za gitaa, kwa hiyo kata kwa kina kidogo na umalizie kwa msasa. Kati ya nyuzi hizo kuna nyama laini inayotoka kama unga na kuacha vijishimo. Epoksi nyembamba ikipakwa na kukwanguliwa kwa kadi kabla ya msasa wa mwisho huvijaza. Vumbi lake huwasha koo, barakoa ni lazima. La gamba la chaza ni baya zaidi, hukatwa likiwa na maji.

Bamba la ukili halikuwa na kasoro kubwa. Lilikuwa vitambaa viwili vya nyuzi za kioo, ukili mmoja juu, jumla milimita 2.5, na lilitengenezwa kwa epoksi tangu mwanzo. Ukindu uliotiwa rangi ya unga huchuja kwenye spiriti, kwa hiyo hausafishwi kwa spiriti. Kilichoongezwa ni utepe wa shaba nyuma ya bamba na ndani ya shimo lote, ukaunganishwa na waya wa ethi, maana koili moja hudaka mngurumo wa umeme wa herzi 50 na jukwaa la hoteli limejaa taa za kupunguzwa mwanga. Utepe haukati mngurumo wote. Unapunguza ule unaodakwa na waya za ndani.

Nukta zilikuwa na historia fupi. Mwenye gitaa alileta kitana cha zamani cha ng'amba cha kwao nyumbani akitaka kikatwe nukta. Karakana zote mbili zilikataa, na hapa hakuna mjadala wa ufundi. Kasa wote wa baharini wako kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na gitaa linalovuka mipaka likiwa na ng'amba linaweza kuzuiliwa forodhani na lisirudi. Kiambatisho cha pili nacho kina matumbawe magumu na yale makombe makubwa, kwa hiyo hayo pia yaachwe. Likatumika gamba la chaza wa lulu; upande wa Fumba na Bweleo kuna wanawake wanaofuga chaza na kutengeneza mapambo. Nukta kumi za milimita 6, unene milimita 1.5: freti ya 3, 5, 7, 9, mbili kwenye ya 12, kisha 15, 17, 19 na 21. Ubao wa freti una mviringo, lakini kwa nukta ya milimita 6 mviringo huo ni sehemu mbili tu kati ya mia za milimita. Gamba bapa halihitaji kukunjwa.

Kidaraja cha mfupa kilitolewa. Kilikuwa kimetengenezwa kwa muundi wa ng'ombe, jambo zuri, lakini ulichemshwa kwenye jiko la presha. Presha huyeyusha ile gundi ya asili inayoshika mfupa, na mfereji wa uzi wa G ulikuwa umemeguka. Mfupa huchemshwa kwa moto mdogo, uboho na mafuta hutolewa, hulowekwa kwenye maji yenye sabuni ya vyombo mpaka usitoe mafuta tena, hung'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kisha hukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa. Jiki haifai, huula. Mifereji ya nyuzi nyembamba inachongwa kwa sindano za kusafishia nozeli za gesi, zinazouzwa madukani kwa mafundi wa kulehemu. Ziko za ukubwa mbalimbali na zina meno. Mfereji uwe mpana kuliko uzi kidogo tu, na uzi ukiwa wazi ukae karibu milimita 0.4 juu ya freti ya kwanza.

Gitaa zima lilipakwa klia, vanishi angavu, ya magari ya sehemu mbili baada ya epoksi kukaa wiki nzima, kwa sababu epoksi pekee hugeuka manjano juani. Klia hiyo ina isosianeti. Barakoa ya kitambaa haizuii, inatakiwa angalau yenye makopo ya kaboni na kichujio cha chembe, na iliyo salama zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Msasa wa maji wa 800, 1200, 2000, kisha polishi.

Lilipofungwa, nyuzi zilikuwa milimita 2.0 upande mzito na 1.6 upande mwembamba kwenye freti ya 12, na shingo ikiwa na mkunjo wa milimita 0.25 kwenye freti ya 7. Karafuu bado zina kivuli cha kaharabu kuzunguka baadhi yake, milimita moja hivi. Spiriti haikutoa kila kitu, na mwenyewe amekikubali. Linalobaki kuangaliwa ni ukingo wa mfereji. Mbao iliyo kwenye hewa ya Unguja yenye unyevu wa asilimia 80 hukaa na maji karibu asilimia 16. Kwenye chumba cha kiyoyozi chenye asilimia 50 hushuka kuelekea 9. Mnazi utasinyaa na kutanuka, epoksi haitafanya hivyo, na mstari mwembamba kama unywele unaweza kutokea kati yao. Ukitokea, usipigwe msasa. Gitaa liachwe siku mbili nje ya kiyoyozi, supagluu nyembamba idondoshwe kwenye mstari iingie yenyewe, na kilichomwagika kikwanguliwe kwa wembe kikiwa kimeganda. Supagluu hiyo isiwekwe karibu na ukili kabla ya kujaribiwa kwenye kipande cha pembeni.